Maji Safi ya Seabata

Seabata alirudi kutoka migodini mwezi wa Januari, na kufikia Pasaka kijiji kizima kilikuwa kinamwita Fuko. Mimi ndiye niliyemwita hivyo kwanza, sitamsingizia mwingine. Mtu amekaa chini ya ardhi miaka ishirini na miwili, anapanda juu macho yanamuuma kwa jua na kifua kinakoroma, utamwita nani? Walimpa barua na blanketi jipya, wakamwambia mapafu yamejaa vumbi la mawe, aende akapumzike kwao. Kwao ni hapa kwetu, juu milimani Mokhotlong, ambako hata mwenye mapafu mazima akipanda na ndoo ya maji hupumzika mara mbili njiani.

Kulima hakuweza, kufuata kondoo hakuweza. Kutwa aliketi ameegemea ukuta wa nyumba yake, jua likizunguka naye anazunguka. Mkewe, Mathuso, yaani Mama Thuso kwa jina la mtoto wao, alikuwa amezoea mume wa Desemba, anayekuja Krismasi na mifuko, anakaa wiki tatu, anaondoka. Huyu wa kila siku alimchosha. Nilimsikia bombani akiwaambia wenzake, "Walinichukulia mwanamume, wakanirudishia kikohozi. Na kikohozi chenyewe kinakula ugali mara tatu kwa siku." Wanawake wakacheka. Nami nikacheka.

Kitu kimoja tu alikijua sawasawa: injini za dizeli. Kule chini alikuwa fundi wa mashine za kubebea mawe. Mwezi wa Machi aliifufua mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa imekufa mwaka mzima, tena kwa bisibisi na kipande cha waya. Tangu siku hiyo nikaanza kumchukia kwelikweli, maana mimi Tieho ndiye niliyekuwa dereva na fundi wa pikapu ya chama cha wafuga kondoo, na kila mtu alijua kuwa ufundi wangu uliishia kwenye kubadili tairi.

Na pikapu ilikuwa inachemka. Kila nikipanda mlima kwenda mjini kuleta unga, lazima nisimame mara tatu, mvuke unatoka kama jikoni kwenye arusi. Mwezi wa Juni mwenyekiti wetu, Mama Mantoa, akachoka.

"Tieho, wewe huendeshi gari, unaendesha birika," alisema mkutanoni, watu wakaangua kicheko. Kisha akamgeukia Seabata. "Wewe bwana, isafishe. Jumanne iende mjini. Ikienda na kurudi bila kuchemka, funguo zako, na kazi ya Tieho ni yako."

Seabata alisimama kwa kushika bega la jirani yake. "Mama, nikipata kazi hiyo sitaomba kingine. Nataka tu niwe na mahali pa kwenda asubuhi."

"Mahali anapo, ukutani," mtu akasema nyuma. Nilikuwa mimi.

Jumatatu mchana nilitumwa nimsaidie, kwa hiyo niliona kila kitu. Aliiacha injini ipoe kabisa, akagusa kifuniko cha rejeta kwa kiganja kama anapima homa ya mtoto. Akafungua koki ya chini ya rejeta, kisha akajilaza chini ya gari akafungua boliti iliyo ubavuni mwa injini, ambayo mimi kwa miaka sita sikujua kama ipo. Dawa ya rejeta, ambayo ikiwa mpya huwa kijani, ilitoka imegeuka tope la kutu, zito kama pombe ya mtama isiyochujwa. Aliikinga yote kwenye beseni akaenda kuifukia mbali, kwa kuwa ni tamu na mbwa wakiilamba wanakufa. Akachomeka mpira wa maji, akawasha injini, akafungua hita, akaacha maji yazunguke, akazima, akamwaga. Akarudia. Kila akiinama alikohoa, kila akikohoa alijifuta mdomo na kuendelea.

"Mpaka yatoke ya kunywa," aliniambia. "Msimamizi wangu alikuwa hakubali chini ya hapo."

Mara ya saba aliyakinga kwenye chupa ya jemu akaiinua juani. Yalikuwa safi hayana hata uzi. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahia maji namna ile. Akajaza rejeta kwa maji ya bomba, akatoa hewa, akafunga kifuniko. Tukaipandisha pikapu mpaka kanisani na kurudi, mshale wa joto ukakaa katikati, haukutikisika.

Kisha akafanya jambo lililomwangamiza. Chama kilikuwa kimenunua kopo jipya la dawa ya rejeta. Alimpelekea Mama Mantoa kopo lile halijafunguliwa, mbele ya watu.

"Lirudishe dukani, Mama. Kule chini tulitumia maji matupu miaka yote. Kinachochemsha gari ni uchafu."

Wakampigia makofi. Mathuso alipiga kigelegele, halafu akaenda akachinja kuku, akamwita "baba Thuso" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Mimi nililitazama lile kopo. Niliwahi kufanya kazi miaka minne na wajenzi wa barabara juu mlimani, na dereva yeyote wa huku anajua kuwa dawa ile haiwekwi kwa ajili ya kuchemka peke yake. Inazuia maji yasigande ndani ya injini. Seabata angejulia wapi? Alikwenda migodini ana miaka kumi na tisa, hajawahi kushika spana. Watu wa migodi hurudi likizo Desemba, kiangazi. Tangu hapo kila Julai, wakati wa baridi yetu, ilimkuta chini, ambako mwamba unaunguza mkono na mashine hazilali, zamu hii ikishuka nyingine inapanda. Kwamba ndoo huganda alijua tangu utotoni. Injini kwake ilikuwa kitu cha moto.

Jua lilipokuwa linazama alikuja nilipokuwa nafunga zizi. Alinuka dizeli na supu ya kuku.

"Tieho," akasema, "najua umekasirika. Kazi nikiipata nitamwomba Mama akuache uwe unapakia, twende wote. Lakini wewe barabara hii umeiendesha miaka sita. Kuna kitu nimesahau?"

Mbingu ilikuwa tupu, haina wingu, na pua zilikuwa zimeanza kuuma kwa baridi. Neno moja tu lilihitajika.

"Hakuna, bwana," nikasema. "Umemaliza kazi."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Usiku ule nililala vizuri, Mungu anajua.

Asubuhi chama kizima kilikuja kumuaga dereva mpya. Seabata alikuwa amevaa kofia yake ya mgodini. Alitia ufunguo, injini ikaguna, mkanda wa feni ukalia kama nguruwe na kutoa moshi. Akazima, akafungua boneti, akainama. Watu wakasogea. Ubavuni mwa injini palikuwa na ufa mrefu kuliko mkono wangu, na barafu imechungulia nje, nyeupe kama mafuta ya kondoo.

"Nini hicho?" Mama Mantoa akauliza.

"Imepasuka, Mama."

"Inatengenezeka?"

"Hapana."

Muuza pombe akapaza sauti, "Fuko, huko shimoni hakuna majira ya baridi?"

"Hakuna," Seabata akajibu, kama aliyeulizwa jambo la kawaida.

Walicheka kicheko cha watu wenye hasira. Mama Mantoa alilitoa kopo ndani, akalitupa miguuni pake. Mathuso alimvua ile kofia mbele ya wote, akatema mate ndani yake, akamrudishia. Hapo ndipo Seabata aliponitafuta kwa macho.

"Tieho, jana nilikuuliza."

Wote wakanigeukia.

"Uliniuliza nini?"

"Kama kuna kitu nimesahau."

"Jana saa ngapi? Mimi jana sikuonana na wewe tangu ulipomrudishia Mama lile kopo. Mzee, usinitie kwenye aibu zako."

Alinitazama. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. "Basi nitakuwa nimeota," akasema.

Theluji ilianguka wiki ile ile. Bila pikapu, unga ulikuwa wa kufuatwa kwa punda, na kila nyumba ilitakiwa itoe mtu mmoja. Mathuso alimtoa yeye. "Si ulitaka mahali pa kwenda asubuhi?" alimwambia mlangoni. "Nenda."

Msafarani mimi nilikuwa wa mwisho, yeye mbele yangu. Njia nzima nilikisikiliza kile kifua. Kwenye kona ya tatu aliketi juu ya jiwe, akaachia kamba ya punda wake, akanipungia nipite. Wa mbele hawakugeuka. Niliichukua kamba nikapita. Nilijiambia atapumzika kisha atarudi nyumbani, na mjini walipouliza nikasema amerudi. Kijijini nako walidhani yuko nasi. Siku ya pili tulipokuwa tunarudi na magunia, alikuwa bado ameketi, theluji imemfika magotini.

Kaburi lilitusumbua siku mbili. Ardhi ilikuwa imeganda, sururu zinaruka. Mzee mmoja akasema pasipo aibu kwamba angekuwepo Fuko angetuonyesha jinsi ya kupasua, na hakuna aliyecheka.

Tulipomaliza kufukia, Mathuso alinivuta pembeni. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake. Aliniachia neno gani?"

"Hakusema kitu."

"Usinidanganye, Tieho."

"Mama Thuso, nakuapia, hakusema kitu."

Lilikuwa neno la kweli, na hakuliamini. Mpaka leo, kila Juni, anakuja mlangoni kwangu kuuliza tena.