Mama wa Ukutani

Kabla mashine za kuchapa mabango hazijaingia Thika na kuwafukuza mafundi wa brashi, Absalom alikuwa mtu wa kutafutwa. Ukila nyama Kamakis enzi hizo, yule ng'ombe aliyekuchekea ukutani huku mwenzake anachomwa nyuma ya nyumba alikuwa kazi ya mkono wake. Kinyozi, posho mill ya kusaga unga, usikojoe hapa, zote aliandika yeye. Siku hizi mwenye duka anachapisha bango la plastiki lenye ng'ombe wa Ulaya, maneno yamekwisha. Kilichomwokoa Absalom ni nasari.

Mtaani kwake Makongeni, ukipita nyumba chache, hukosi shule ya watoto wadogo, na kila shule inataka kuta zenye maneno. Maneno ya Kizungu hupangwa kwa ukoo. Cat, rat, mat na hat hukaa pamoja kwa sababu yana mkia mmoja wa herufi, na kando ya kila neno kuna picha, ili mtoto asiyejua kusoma ashike maana kwa macho. Mwalimu anaonyesha kwa fimbo, watoto wanaimba. Absalom alikuwa amechora paka wengi mpaka akawachukia.

Mwaka jana aliitwa na shule anayosoma binti yake mwenyewe, Maxine. Mwalimu Waithira alitaka ukoo mpya, wa maneno yaliyobeba other tumboni: mother, brother, another, bother.

"Bother ndio nini, Mwalimu?"

"Kusumbua."

"Sasa kusumbua nako nitakuchora aje?"

"Wewe ndio fundi, Baba Maxine. Mimi yangu ni chaki."

Akachora nzi juu ya pua ya mtu aliyelala. Another ikawa mkono unaonyoosha vidole kwa mandazi ya pili, na brother ikawa kijana anayemfunga mdogo wake kamba za viatu. Lilikuwako pia smother, ambalo Waithira alilipita kimyakimya. Alipoulizwa alisema ni kumziba mtu pumzi mpaka afe, na kwamba hilo lilikuwa linakaa vizuri tu kwenye kamusi.

Ikabaki mother.

Mkewe Absalom, Awiti, alikuwa Ghuba akifanya kazi za nyumba, huo ukiwa mwaka wa tatu. Alimwacha Maxine akiwa hata kusema hajui vizuri. Tajiri wake huko alimnyang'anya simu, akawa anamrudishia mara mojamoja aongee haraka, tena sauti tu. Mwanzoni Absalom alikuwa akimwambia mtoto kwamba mama yuko mbali. Mtoto anauliza atakuja lini, analia. Walipochoka wote wawili, Absalom akaacha kumtaja, na nyumba ikatulia. Lakini kulikuwa na hofu moja iliyomla kila siku: kwamba Awiti atarudi na mtoto hatamjua.

Basi akatoa picha ya pasipoti aliyoachiwa, akamchora Awiti ukutani. Paji pana, macho yaliyokaa mbalimbali. Pengo la meno ya mbele halikuonekana kwenye picha, hilo alilitoa kichwani mwake.

"Huyu ni nani?" Waithira akauliza.

"Mother," Absalom akasema.

Waithira akamtazama, akaona si neno la kuendelea kulichimba.

Hesabu ya Absalom ilikuwa hivi: mtoto auzoee uso kwanza, na siku mama akikaribia kuja, atamkalisha chini amwambie. Na hata asipomwambia, si damu ni nzito kuliko maji? Wanaume wana hesabu zao, na ukiwaambia watafute karatasi wazifanye vizuri wanakasirika. Jioni alikuwa akimuuliza Maxine wamesoma nini.

"Mother."

"Na huyo mother yukoje?"

"Ana pengo."

Absalom anafurahi, anasonga ugali.

Siku yenyewe haikupiga hodi. Tajiri alimkatia Awiti tikiti ghafla, na simu aliyopiga ilitoka uwanja wa ndege wa Nairobi, akiwa ameshashuka. Absalom alimpokea stendi ya Thika. Awiti alikuwa amekonda, na alikuwa na tabia mpya ya kusimama kando akisubiri kuambiwa apite. Absalom akasema waende nyumbani kwanza anywe chai, maana alitaka nafasi ya kuongea na mtoto.

"Chai nimewapikia watu miaka mitatu," Awiti akasema. "Nipeleke kwa mtoto."

Njia nzima Absalom alikuwa akitafuta pa kuanzia. Alisema barabara imetengenezwa. Alisema kodi ya nyumba imepanda. Walipofika kwenye geti la shule alikuwa hajasema lolote la maana.

Darasa lilikuwa katikati ya somo. Awiti akasimama mlangoni. Waithira alimwona, akageuka akatazama ukuta, na fimbo ikamshuka mkononi polepole. Watoto nao wakageuka, wakamtambua wote kwa pamoja.

"Mother," wakaimba, kwa ile sauti ndefu ya somo. Maxine aliimba nao, kinywa wazi, akiwa amekaa palepale kwenye kiti chake.

Awiti akauona ukuta. Alijiona amekaa kati ya nzi na mandazi. Absalom, nyuma yake, alitamani amwone usoni na hapo hapo akashukuru kwamba hamwoni, kwa aibu iliyompata. Awiti hakuuliza mtoto wake ni yupi. Alipita katikati ya viti vidogo, akapiga magoti mbele ya Maxine.

Mtoto alimwangalia bila woga. Uso huo alikuwa ameuzoea, na hapo hesabu ya Absalom ilikuwa imetoka sawasawa. Maxine akamuuliza, kama mtoto yeyote wa Makongeni anavyomuuliza mwanamke aliyeingia plotini mwao, kwenye nyumba za kupanga, ambako kila mwanamke ni mama wa fulani:

"Wewe ni mama nani?"

"Mama Maxine," Awiti akasema.

Mtoto akafikiri kidogo.

"Lakini Maxine ni mimi."