Faili la Kaka Mbele

Mwalimu Klaudia wa Kagoma hakuwa mtu wa kompyuta; alifundisha hesabu, basi. Kaka yake Karugendo ndiye aliyeleta balaa lile dukani kwangu kwa kompyuta Bukoba mwaka tisini na tatu. Mbishi yule! Eti mifumo ya kompyuta ya kununua haimtoshi, akaandika wa kwake. Majina ya yatima mia nne wa Izigo akayapanga kwenye disketi kwa namna aliyoijua yeye tu. Kisha ugonjwa ule ulioua wazazi wa watoto hao ukamchukua naye, na faili lake la kuanzisha mfumo likaharibika.

Orodha ilitakiwa iondoke na meli ya jioni kwenda Mwanza. Isipofika, watoto wote wanafutwa kwenye mpango wa shule.

Klaudia aliandika upya faili la kuanzisha kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akifuata daftari la marehemu, akaliunganisha na faili la kaka yake la kuchapa majina. Kiwashio, kile kipande kifupi cha lugha ya mashine, asembli, kinachoamka kwanza, kilibeba yote hadi kwenye kumbukumbu ya mashine, kikaruka kwenye baiti ya kwanza, mwanzo kabisa wa mzigo ule, ili kazi ianzie hapo. Kioo kikabaki cheusi. Akajaribu tena na tena. Saa nane ikapita.

"Mwalimu, meli haitusubiri sisi!" nikafoka. Niliogopa, ndiyo maana.

"Mzee Jayant, niache!"

Nikachukua karatasi aliyoandikia amri ya kuunganisha, ile inayopanga mafaili kwa zamu yalivyotajwa. Faili la Karugendo lilitangulia, la mwalimu likafuata.

"Kiwashio kinaruka mwanzo kabisa. Pale kinakuta nini?"

"Kinakuta la kaka."

"Kuchapa, kabla hakijaanzishwa chochote! Kwa nini umeliweka mbele?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Ni mkubwa wangu. Nitamtanguliaje, na mrithi wa kushika nafasi yake kimila hata hatujamsimika?"

"Leo mtangulie, tafadhali."

"Waitu kaka, nisamehe, napita mbele," akanong'ona kwa heshima ya Kihaya, akabadili mpangilio.

Printa ikakohoa, ikaanza. Klaudia akayafuata majina kwa kidole hadi ukurasa wa mwisho, kidole kikasimama. Celina, Mutembei, Bartholomayo: watoto wa Karugendo, aliowaandika mwenyewe akiwa bado hai. Baba: marehemu. Mlezi: Klaudia.

Akalia pale pale. Mimi nikakusanya karatasi nikakimbilia bandarini.