Nilivyomkagua Mdogo Wangu

Nimechoka na semina. Nilipostaafu ualimu nilidhani nimemaliza kukaa kwenye viti vya plastiki nikisikiliza watu wenye chati, kumbe ndiyo kwanza naanza. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya ukumbi wa kanisa letu hapa juu ya Githongo, na mwezeshaji alikuwa msichana wa chuo kikuu kutoka Nchiru, mwenye adabu na sauti iliyokauka. Alituambia kwamba dhuluma za nyumbani si kipigo tu. Kuna ya maneno, kuna ya kunyimwa riziki, kuna ya kutenganishwa na watu wako, kuna ya kitandani, na kuna ya kununiwa miezi na miezi. Aliziandika zote ubaoni kwa mwandiko mbovu, nami nikatamani kumpokonya chaki.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kando yangu. Alizisoma moja baada ya nyingine, midomo ikitikisika.

"Kumbe ziko na majina," akasema.

Alikunywa soda yake kwa utaratibu na kuuliza kama mandazi yamebaki. Mimi yangu sikuweza kuimaliza, na nitaeleza kwa nini, ingawa hadithi yenyewe hainipambi.

Katika ukoo wetu, binti aliyeolewa akirudi nyumbani na mzigo wake haingii nyumba kubwa. Anapitia uani, anaingia jikoni, anangoja. Wazee wanaitwa na kuketi nje. Kwa kuwa mzee hawezi kuutazama mwili wa binti yake, mama ndiye anayeingia jikoni, anafunga mlango, anamwambia binti avue blauzi, na anamkagua. Kisha anatoka na neno moja kwa wazee: iko, au haiko. Yaani alama.

Ngumi ilikuwa na faini yake, kondoo dume na asali, na mke alirudi kwa mumewe. Damu ilikuwa na faini kubwa zaidi, na mke alirudi vilevile. Moto peke yake haukuwa na faini. Mke aliyechomwa na mumewe hakurudishwa; baba yake alimkatia kipande cha shamba akakaa. Na yule asiyekuwa na alama alirudishwa siku hiyohiyo, amebeba kibuyu cha uji wa wimbi cha kuwaomba wakwe radhi kwa usumbufu.

Mama yetu alikuwa amefariki. Mimi ndiye kifungua mimba, tena mwalimu, na nilikuwa nimeolewa jirani tu na kwa baba, kwa hiyo kazi ya kukagua ikawa yangu. Sikuiomba, lakini nitakuwa mwongo nikisema niliichukia. Wazee walininyamazia nikitoka jikoni, na si wanawake wengi wa kwetu waliowahi kunyamaziwa na wazee.

Mara ya kwanza mdogo wangu alirudi mwaka ule wa njaa tuliokula unga wa manjano wa msaada. Alikuwa ameolewa upande wa Embu na karani wa kiwanda cha kahawa, mtu mpole ajabu. Hakunywa pombe. Alivua kofia hata alipomsalimu mtoto. Baba alimpenda kuliko alivyowapenda wanawe, na sababu ilionekana, maana kaka zetu walikuwa walevi. Wahenga walishasema simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini nani hukumbuka methali mbele ya mkwe anayeshika Biblia vizuri?

Niliingia jikoni. Mtoto wake, msichana wa miaka miwili, alikuwa amelala juu ya gunia. Mdogo wangu alivua blauzi kabla sijamwambia. Nilimtazama mgongo, mbavu, shingo, mapaja. Ngozi ilikuwa safi, ila amekonda.

"Amekupiga wapi?" nikauliza.

"Hajanipiga."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Hali chakula changu," akasema. "Napika, naweka mezani, anachukua sahani anampelekea mbwa. Halafu anaenda kula kwa mama yake, watu wakiona. Hii ni mwezi wa nne. Na haongei na mimi, dada. Akitaka kitu anaambia huyu mtoto, 'Ambia mama yako.' Mtoto hata hajui kuongea vizuri."

Nilicheka. Sitaificha hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezabwa kofi na mume wangu mwaka mmoja nyuma, faini ikatolewa, nikarudi kufundisha Jumatatu na shavu limevimba. Mtu aliyekuja kulalamika kwamba mumewe amenyamaza nilimwona ana bahati yake. Nilimwambia vyombo vikiwa kabatini havikosi kugongana. Nikatoka nje.

"Haiko," nikawaambia wazee.

Nilikoroga ule uji mwenyewe. Nikamsindikiza hadi barabarani, kibuyu begani mwake na mtoto mgongoni, nikampa nasaha za ndoa njia nzima. Yeye aliitikia tu, "Ndiyo, dada," na mimi nikadhani nasaha zinaingia.

Alirudi tena baada ya mwaka na nusu hivi. Safari hii alikuwa amekonda zaidi na alizungumza polepole, kama mtu anayechagua maharagwe. Mdogo wangu alikuwa fundi wa nguo. Baba alimnunulia cherehani alipomaliza mafunzo, na ndiyo aliyokwenda nayo kwa mumewe. Sasa cherehani ilikuwa imefungiwa stoo na ufunguo uko mfukoni mwa mume. Pasi ya makaa ndiyo aliyoachiwa, kwa sababu mashati ya karani sharti yanyooke. Kitambulisho chake pia kilichukuliwa. Akienda sokoni alipewa saa ya kurudi, na akichelewa mume hakugomba. Alimchinja mmoja wa kuku wa mkewe, wale mdogo wangu aliowalea mwenyewe, akamwagiza ampike.

"Na usiku?" nikauliza, maana nilikuwa nimekwisha kumaliza mgongo bila kuona kitu.

Alivuta leso akajifunika kifua. "Usiku siulizwi," akasema. "Mchana mimi si mtu, usiku ndiyo anakumbuka niko."

Nakumbuka nilisimama pale na moshi ukiniuma macho. Nilielewa. Sitajificha nyuma ya ujinga na kusema zamani hatukujua. Nilielewa kila neno. Lakini wazee walikuwa wameuliza swali moja, na swali hilo halikuwa na nafasi ya kuku wala ufunguo. Nilijaribu kidogo. Nilipotoka nilisema, "Haiko, lakini wazee, huyu binti ana taabu."

"Taabu gani, mwalimu?" akauliza mkubwa wao.

Nikaanza na kuku. Mmoja akatabasamu. Baba aliinamisha kichwa kwa aibu, na aibu ile nilimletea mimi. Nikanyamaza. Mambo ya kitandani sikuyagusa kabisa. Ningeyasemaje mbele ya baba yangu?

"Mwanamke ni kuvumilia," akasema mkubwa wao, bila ubaya wowote, kama anayetaja bei ya chumvi.

Niliporudi jikoni kukoroga uji, mdogo wangu alikuwa amekwisha kuvaa na kumbeba mtoto. Aliniuliza jambo moja tu, akiwa amenipa mgongo.

"Dada, ile ya moto bado ni vile ilikuwa? Hawarudishi?"

"Hawarudishi," nikamjibu, na nikaendelea kukoroga. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, watu wangu, lakini hesabu hiyo sikuifanya.

Hazikupita wiki tatu. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, msimu wa kuchuma kahawa, na vikapu vilikuwa vimejaa uani. Alipitia nyuma kama desturi na kuingia jikoni. Baba aliponiona natoka shambani alisema tu, "Amerudi tena," na sauti yake ilikuwa imechoka kama yangu. Alituma wazee waitwe. Alikuwa ameamua, na aliniambia waziwazi: kama safari hii haiko, huyu hatapokelewa hapa tena, asije akauzoeza mguu njia.

Nikaingia, nikafunga mlango. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtoto amemshika goti. Alikunja mkono wa blauzi wa kushoto taratibu hadi begani.

Ilikuwa pasi. Umbo lilikuwa zima, kuanzia ncha hadi kisigino, juu ya mkono sehemu ya nyama. Mimi nimeungua mara nyingi jikoni na nimewaona watoto wa shule walioungua. Mtu akiguswa na moto huruka, na kidonda huwa na mkia pale alipochomoka. Hiki hakikuwa na mkia. Pasi ilikuwa imewekwa, ikashikiliwa bila kutetemeka, ikainuliwa. Na blauzi yenyewe haikuwa na hata doa la kuungua, ingawa ndiyo aliyokuwa ameivaa alipoungua. Mkono wa blauzi ulikuwa umekunjwa kwanza.

Nilimtazama usoni. Hakuyakwepa macho yangu.

"Sasa iko," akasema.

Nje wazee walikohoa. Nilikaa chini sakafuni. Nilijua nikisema ninachokijua, kwamba mumewe hakuigusa pasi ile, atarudi Embu akiwa na uji na kidonda, na mlango wa kwetu utafungwa nyuma yake. Nikisema kile nilichokiona tu, atakaa. Mara mbili nilikuwa nimewaambia wazee kweli tupu, na nikajisifu moyoni kwamba mwalimu hasemi uongo.

Nilifungua mlango.

"Iko," nikasema. "Ni moto."

Baba alisimama, akaketi tena. Walinitaka niape, nikaapa. Mkwe aliitwa, akaja baada ya siku nne na wazee wake, amevaa shati lililonyooka. Alivua kofia. Alisikiliza mashtaka yote, kisha akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Mimi sijawahi kumgusa."

Ilikuwa kweli. Kwa kipimo cha wazee wale, alikuwa mtu pekee pale uani asiyesema uongo, na hakuna aliyemwamini. Aligeuka akanitazama mimi, kwa muda mrefu, na nikajua anajua kwamba ninajua. Nilimrudishia macho. Sikumwonea huruma. Nilitamani kumwonea, kwa vile kusingiziwa ni kusingiziwa, lakini nilipoitafuta huruma ndani yangu nilikuta uchovu tu. Kwa yale aliyoyafanya, hakuna mtu aliyemwuliza hata swali moja siku ile, wala hakuulizwa hadi alipozikwa.

Mdogo wangu alikatiwa shamba chini ya miti ya mikima, karibu na mto. Cherehani ilirudishwa pamoja na kitambulisho. Wazee wa Embu walisimamia hilo kwa haraka, wakitaka kumaliza aibu. Amewashonea watoto wa tarafa nzima sare za shule. Anacheka, anagombana na majirani, ana maneno makali kuliko mimi. Mtu akimwona hatasema aliwahi kupitia hayo.

Jioni ya Jumamosi ile, wazee walipoondoka, nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikaanza kumsafisha kile kidonda. Alikuwa ameng'ata pindo la leso. Nikamwambia, ili nijitetee, kwamba zile mara mbili za kwanza nilisema nilichokiona.

"Najua," akasema. "Uliangalia vizuri sana, dada. Ndiyo nikajua ni lazima nilete kitu ya kuangaliwa."

Nilikiosha kidonda kile kila jioni kwa wiki sita, na siku zote hizo sikuthubutu kumwuliza kama kinauma.