Mwalimu Aliyeanguka Uwanjani

Kila asubuhi, kabla hajafungua macho, Mwalimu Joash alipitisha ulimi kwenye meno yake taratibu, upande huu na upande ule. Kisha mkono ulishuka kupapasa shuka. Ulimi ukiwa mzima na shuka ikiwa kavu, alijua usiku umepita salama. Ulimi ukiuma, alijua kilikuja. Hapo aliketi kidogo kitandani akingoja kichwa kitulie, akaifua shuka mwenyewe kabla majirani wa ploti hawajaamka, akameza kidonge chake kwa chai ya rangi, akaenda shuleni kama mtu mwingine yeyote.

Kitu hicho kilikuwa kifafa. Kilimshika akiwa mdogo kule kwao Karungu, na ndicho kilichomchagulia maisha. Watu wa nyavu hawamchukui mwenye kifafa kwenye boti. Wanasema akianguka majini atawavuta wote. Nyumbani alikuwa na kikombe chake na sahani yake kando, na hakuna aliyevigusa, hata dada yake Liz aliyempenda sana. Basi wenzake wakiingia ziwani, yeye alibaki mchangani, akakimbia. Alikimbia mpaka walimu wakamwona, wakampeleka kwa mashindano, na mbio hizo zikamfikisha chuoni. Alipopata kazi ya kufundisha michezo katika shule moja ya kutwa huku Uriri, aliamua moyoni kwamba huku hakuna atakayejua.

Somo lake lilionewa sana. Mwalimu wa hesabu akiwa nyuma na silabasi, saa ya P.E. ndiyo iliyoliwa. Wa kemia naye vivyo hivyo. "Joash, nikopeshe saa yako," walimwambia, na hakuna aliyewahi kurudisha. Mwishowe akajifunza kuwahi na kusimama mlangoni akiwa ndani ya trakisuti, na wanafunzi wakimwona tu wanapiga meza kwa furaha. Uwanjani alichora mistari kwa jivu la jikoni. Mvua ikinyesha aliwaweka darasani na kuwafundisha mambo ya mwili: hedhi, ukimwi, mfupa ukivunjika ufanye nini.

Ni siku ya mvua kama hiyo, akiwa na Fomu Tatu, alipowauliza, "Mtu wa kifafa akianguka mbele yako, utafanya nini?"

"Nitahepa, mwalimu," akasema Tony, kijana ambaye hakuna kitu kisichomfanya acheke. Darasa likaangua kicheko.

"Kwa nini uhepe?"

"Aki mwalimu, hiyo kitu iko kwa mate. Na akijamba ukiwa hapo karibu, wewe umeisha! Inakurukia."

Joash hakucheka. Aliwaambia hairuki, si kwa mate, si kwa pumzi, wala si kwa hiyo hewa ya Tony. Alimwita Tony mbele akamlaza sakafuni. Akawaonyesha: mgeuze ubavu, mlegezee tai, weka kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko mdomoni. Usimnusishe kiatu. Kaa naye mpaka arudi.

"Arudi kutoka wapi, mwalimu?" Tony akauliza akiwa pale chini.

Joash alimpa mkono kumwinua. "Mahali pasipo kitu," akasema.

Kengele ilipolia wote walitoka isipokuwa msichana mmoja, Phanice, aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake hapo sokoni. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya sweta.

"Mwalimu, mimi ni mmoja wao."

"Wanafunzi wenzako wanajua?"

"Hapana. Nikisikia inakuja najifungia chooni."

Chooni, kwenye saruji! Joash aliona kichwa cha msichana kikigonga ile sakafu. Neno lilimjia hadi mdomoni, kwamba na mimi pia, nyathina, mwanangu, na mimi pia. Akalimeza. Badala yake akamwambia, "Usifiche. Waambie wale mnaoketi pamoja, ili ukianguka wakushike. Anayejificha ndiye anayeumia." Alipokwenda nyumbani siku hiyo hakuweza kula. Alikuwa amempa mtoto ushauri ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuutumia.

Phanice alimtii. Aliwaambia wenzake. Wawili walihama dawati, mmoja alibaki. Joash akampa kazi ya kumbebea debe la jivu siku za gemu, ili watu wamwone akiwa karibu na mwalimu na kwamba mwalimu hakimbii. Hakujua kwamba jambo hilo pia linatazamwa, na linahesabiwa vingine.

Mwezi ule dawa zilikosekana. Joash alirudi kliniki mara kadhaa akaambiwa ajaribu tena wiki ijayo. Akaanza kukata kidonge kimoja mara mbili, halafu vikaisha kabisa. Jua likiwa kali, Fomu Tatu wakiwa wanazunguka uwanja, naye mbele yao, aliona mistari ya jivu ikiinuka kutoka ardhini. Hakuona kingine.

Aliporudi, alikuwa amelala ubavu. Kichwa chake kilikuwa juu ya mapaja ya Phanice, na sweta la Phanice lilikuwa limetandazwa juu ya suruali yake, kwa sababu suruali ilikuwa imelowa. Wengine wote walikuwa wamesimama mbali, nyuma ya goli, kama ng'ombe walioona chui. Tony alikuja na kopo la maji. Alilitua chini mbali kidogo, akalisukuma kwa mguu mpaka likafika.

"Pole, mwalimu," akasema, bila kucheka.

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imepita kila kanisa la Uriri. Lakini haikupita vile Joash alivyoogopa. Hakuna aliyesema mwalimu ana kifafa. Walisema mwalimu amepewa kifafa. Si yule msichana alikiri mwenyewe mbele ya wenzake? Si ndiye alikuwa akimfuata mwalimu huku na huku na debe? Mtu mzima, mwenye nguvu zake, mkimbiaji, aanguke hivi hivi tu? Wazazi wakamtaka mwalimu mkuu aitishe mkutano ili Phanice aondolewe kabla hajawamaliza watoto wengine.

Mwalimu mkuu, Bi Pauline, alimwita Joash kando asubuhi ya mkutano. Alikuwa mama mpole, na macho yake yalionyesha kwamba hakulala.

"Joash, wewe hawana shida nawe. Wanakuhurumia. Wamechanga hata pesa ya maombi. Kaa tu, usiseme kitu. Msichana nitamtafutia shule huko kwao Magunga."

"Na huko Magunga ataenda na jina gani, madam?"

Bi Pauline alirekebisha kitambaa cha meza, ingawa hakikuwa kimekaa vibaya.

Mkutano ulikuwa katika darasa la Fomu Nne, wazazi wamebanana kwenye madawati ya watoto. Phanice aliketi mbele na mama yake, aliyetoka Magunga alfajiri na bado alinuka samaki wa omena aliowaacha sokoni. Mzee Gisiri, mwenyekiti wa bodi, alisimama na kofia yake mkononi.

"Mwalimu wetu, pole sana," alianza. "Ulikuja hapa mzima. Sisi kama wazazi tunaona aibu kwamba umepatia ugonjwa kwa watoto wetu. Huyu msichana hatumchukii. Lakini aende nyumbani."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Joash aliona shingo ya Phanice ikishuka polepole. Mama yake alikuwa amemshika mkono, na alikuwa akiangalia sakafu kama mtu anayesikia jambo alilokwisha kulisikia mahali pengine.

Kunyamaza kungetosha. Kazi ingebaki, chumba kingebaki, na kila mtu angeendelea kumpa mkono.

"Sikuja hapa mzima," Joash akasema.

Mzee Gisiri akageuza sikio. "Unasemaje, mwalimu, japuonj?"

"Nilianza kuanguka nikiwa mtoto, Karungu. Huyu Phanice hakuwa amezaliwa. Hakunipa kitu. Nimekuwa nikimeza dawa, nikawaficha, dawa zikakosekana nikaanguka. Basi."

Ilikuwa kama mtu amemwaga maji kwenye siafu. Baba mmoja nyuma akapaza sauti, "Kumbe ni yeye! Ni yeye aliyempa msichana!" Na mama mwingine, "Mungu wangu, na amekuwa akiwashika watoto!"

Hapo mama ya Phanice akasimama. Hakupaza sauti. "Mtoto wangu alianguka motoni akiwa darasa la tatu," akasema, na akavuta mkono wa sweta la Phanice juu, kovu likaonekana mpaka kiwiko. "Huyu mwalimu tulikuwa hatumjui. Hamna aliyempa mwenzake. Mnataka kumpa nani lawama sasa?"

Mtu mmoja alikohoa. Mzee Gisiri alizungusha kofia yake muda mrefu.

"Msichana abaki," akasema mwishowe. "Sioni neno la kumtoa. Lakini wewe, mwalimu, ulitudanganya. Uwanjani na watoto, hapana. Utakaa stoo, utagawa vitabu. Bi Pauline atapanga."

"Ni sawa, Joash?" Bi Pauline akauliza kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba.

Joash alimtazama Phanice. Shingo yake ilikuwa imeinuka. Alikuwa akilia, lakini alikuwa ameangalia mbele.

"Asanteni kwa kumwacha asome," Joash akasema.

Akasukuma kiti chake ndani ya meza, akapita katikati ya madawati, na wazazi wakavuta magoti yao ili asiwaguse. Mlango aliuacha wazi. Bi Pauline alidhani ametoka kupata hewa, akawaomba watu wangoje kidogo kabla ya sala ya kufunga. Wakangoja. Chai ikaletwa, ikanywewa. Mwishowe Mzee Gisiri akafunga mkutano mwenyewe, na kiti cha mwalimu kikiwa kitupu.

Jumatatu Joash hakuonekana shuleni, na mwalimu wa hesabu alichukua saa ya P.E.