Vigingi Vyekundu vya Tsuma

LIKONI, Oktoba 1963. Saa kumi na mbili asubuhi, maji yanakupwa, na Tsuma Chengo anatembea ufukweni na nyundo begani. Nyuma yake, chini ya mnara wa taa, yamesimama mahema kumi na manne ya wageni. Wenyewe bado wamelala.

Anafika penye kigingi kilichopakwa rangi nyekundu, anakitikisa. Kimelegea. Anakipigilia, kisha anaendea kinachofuata.

"Mkondo unaanzia hapa," anasema, akionyesha maji yaliyotulia kabisa. "Ukiyatazama hudhani yana neno. Ndiyo yaliyomchukua ndugu yangu."

Tsuma, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mtunzaji wa kambi hii tangu 1951. Husimamisha mahema, huteka maji, huchoma taka. Alikuwa akiifanya kazi hiyo pamoja na mdogo wake, Mramba.

Pasaka ya mwaka 1959, mgeni mmoja kutoka bara alivutwa na mkondo. Mramba, aliyekuwa akiosha masufuria, aliyaacha akajitosa na nguo zake. Alimfikisha mgeni mwambani, akapona. Mramba mwenyewe alipatikana siku ya pili, amekufa.

Tsuma alimwomba mwenye kambi aweke alama. Akajibiwa kwamba zingewatisha wageni.

"Nikachonga vigingi mwenyewe," anasimulia. "Akaving'oa. Nikavirudisha, akaving'oa tena. Akaniambia, 'Tsuma, mara ya tatu utaondoka navyo.' Nikamwambia, bwana, nitaondoka, lakini nitavipigilia kwanza."

Akavipigilia. Wageni walitoka mahemani wakauliza ni vya nini, naye akawaeleza habari za Mramba. Mwenye kambi alisimama kando akisikiliza. Havikuguswa tena, na tangu hapo hakuna aliyezama.

Lakini Kache, mjane wa Mramba, hajakanyaga ufuko huu kwa miaka minne na nusu. Wanawe watatu hawajui kuogelea, amewakataza bahari.

Miaka yote hiyo, wenyeji waliingia kambini kwa kazi tu. Mwezi uliopita tangazo lilibandikwa langoni: mtu yeyote aweza kupiga hema. Tsuma ameomba nafasi moja, ya siku za sherehe za uhuru mwezi Desemba.

Alikwenda kumwalika shemeji yake na watoto, akiahidi kuwafundisha kuogelea. Kache aliendelea kukuna nazi kwa kitambo.

"Watoto utawafundisha ndani ya vigingi?" aliuliza.

"Ndani, shemeji. Maji ya magotini."

"Basi tutakuja. Lakini kwanza utanionyesha Mramba alipoingilia majini."