Injini Ambayo Baba Hakuizima

Gari la baba nililijua kwa masikio kabla ya macho. Jioni nilikuwa nakaa nyuma ya jiko letu pale Ijuganyondo, nje kidogo ya mji wa Bukoba, nikichambua maharage, moshi wa kuni ukinitoa machozi, na mngurumo ule ulianzia mbali, bondeni, barabara inakotokea mjini. Ulififia gari lilipopita nyuma ya migomba, ukarudi lilipofika penye uwazi. Kwenye mlima wa mwisho baba alibadilisha gia, injini ikakohoa kama mzee anayeinuka kitini, kisha ikaja honi: fupi, fupi, ndefu. Hapo mama aliacha alichokuwa akifanya, akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kuondoa mti uliofunga njia ya kuingilia nyumbani. Sikuwahi kumwona akikimbia, wala sikuwahi kumwona akichelewa. Baadaye niliichukia sana honi ile, na bado kuna jioni huwa naitamani.

Lilikuwa Pijo. Watu wengine walikuwa na magari. Baba alikuwa na Pijo, na ole wako uchanganye mambo hayo mawili mbele yake. Alikuwa mwalimu wa jiografia huko Kahororo, mtu mpole darasani, lakini ukimgusa kwenye gari lake unamjua. Lilikuwa na rangi ya maziwa, viti vyake vilinuka petroli na ndizi mbivu, na mbele palikuwa na simba wa chuma ambaye baba alimsugua kila Jumamosi mpaka unaweza kujitazama meno. Magari ya Kijapani yalipoanza kujaa Bukoba, yeye aliyaita makopo. Jumapili baada ya ibada, wenye Pijo wote walikusanyika pembeni mwa uwanja wa kanisa, wakavua makoti ya suti na kuyatundika milangoni, wakafungua boneti na kuinama. Mahubiri yalikuwa yamekwisha, lakini hapo ndipo ibada yao ilipoanza. Sisi watoto na mama zetu tulisubiri kivulini huku njaa ikituuma. Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa majivuno, na mimi hubisha sana nikiwa ugenini, ila nikimkumbuka baba ameinamia injini na tai yake ameitupia begani, nakubali yaishe.

Mwaka ninaousimulia, masika ikielekea ukingoni, babu mzaa mama alifariki kwao Muleba. Pijo lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, likisubiri kifaa kutoka Uganda. Habari ya msiba ilipofika, jirani na rafiki wa baba, Mzee Sudi, alikuja na pikapu yake ya Kijapani. Alikuwa mwokaji mikate kule Bilele, mtu ambaye wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko mikate yake. Alimwambia baba, "Mwalimu, chukua gari hili, mpeleke mama Koku akamzike babaake. Mikate nitaisambaza kwa baiskeli." Koku ndiye mimi. Mama alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake, ameketi mlangoni, na mzigo uko mapajani. Baba alimshukuru sana Mzee Sudi, kisha akasema fundi analeta kifaa kesho alfajiri, na kwamba yeye aliingia kwa wakwe zake mara ya kwanza kwa Pijo na hawezi kwenda kumzika mkwewe kwa gari la kuazima. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema. Mzee Sudi akamjibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, Mwalimu," akawasha pikapu yake, akaondoka.

Mama angeweza kupanda ile pikapu peke yake, na mimi nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakupanda. Lakini kwetu mkwe ndiye anayeleta nguo ya kumsitiri baba wa mkewe. Binti akitokea msibani bila mume na bila nguo ile, ndugu zake wataulizana kwa macho mpaka matanga yaishe. Kwa hiyo alingoja. Kifaa kilikuja, fundi akakifunga, na Pijo likaunguruma vizuri kweli. Tulipofika Muleba tukawakuta watu wananawa mikono. Udongo ulikuwa umeshafunika kaburi na migomba iliyokatwa kupisha shimo bado ilikuwa inatoa maji. Baba alishuka na ile nguo ameishika kwa mikono miwili. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliipokea, akaikunja upya polepole, akaiweka kwapani. Matanga yalipokwisha, mama alikataa kupanda gari. Hakugomba wala kulia mbele ya watu. Alimwambia baba tu kwamba yeye anabaki kidogo na mama yake mjane. Mimi nikarudishwa Ijuganyondo kwa sababu ya shule.

"Kidogo" hiyo ilizidi kurefuka. Kiangazi kikaja, vumbi jekundu likakaa juu ya majani ya kahawa, na nyumba yetu ikawa kubwa kuliko nilivyoijua. Nilijifunza kupika ndizi nikiunguza chungu kimoja baada ya kingine, na baba alikula bila kulalamika, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angelalamika. Jioni aliporudi alipiga honi, fupi, fupi, ndefu, kisha akakumbuka, akashuka kuondoa mti mwenyewe. Wakati mwingine niliwahi kufika kabla yake, lakini uso aliokuwa nao akiniona mimi pale njiani badala ya mama ulinifanya nijifiche jikoni siku iliyofuata. Tulikuwa wawili na kila mmoja alikuwa peke yake. Wakati wa kula usiku ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu sahani ya mama niliendelea kuiosha ingawa haikuchafuka.

Kwa Kihaya mama tunamwita Mawe. Nilimuuliza baba siku moja, "Tata, Mawe tutamfuata lini?" Alikuwa chini ya gari, namwona miguu tu. Akasema, "Likikaa sawa tutakwenda." Likikaa sawa! Alizifungua breki na kuzirudisha, akalipiga rangi upya, akalishonea viti. Kila kitu alichofanyia gari lile nilikihesabu kuwa ni cha mama, na labda hata yeye alidhani hivyo. Kilichobaki ni betri. Ilikuwa imechoka, na hapo mjini betri ambayo baba aliona inalifaa Pijo haikupatikana. Asubuhi tuliliwasha kwa kuliteremsha mlimani. Mimi nasukuma nyuma, yeye anaruka ndani, na injini inashika kabla ya kufika kwa jirani.

Kisha ikaja mvua ya vuli na senene wake, panzi wa kijani wanaoliwa. Wanaanguka kama mvua ya pili, na nyumba zote za Buhaya hunuka mafuta na vitunguu. Ni chakula chenye adabu zake. Mke humkaangia mumewe senene, na mume huonyesha shukrani kwa kumnunulia mkewe kitambaa cha gauni. Mwaka ule sikuwa na hamu ya kuwakimbiza, maana aliyekuwa akinifundisha kuwanyonyoa mabawa bila kuwaponda hakuwapo. Jumamosi moja kondakta wa basi la Muleba akatuletea kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Ndani mlikuwa na senene waliokaangwa, wakavu, wenye chumvi kidogo, kama baba alivyowapenda. Hapakuwa na salamu yoyote. Haikuhitajika. Baba alikaa na kifurushi kile mapajani muda mrefu, akatia mmoja mdomoni, akatafuna huku ametazama ukutani. Jumatatu alirudi kutoka sokoni na kitambaa cha kijani chenye maua ya njano, na nilijua tunakwenda.

Ijumaa Mzee Sudi alikuja kuagana nasi. Alipoona tunavyopanga kulisukuma Pijo alicheka mpaka akakohoa, kisha akafungua boneti ya pikapu yake. "Mwalimu, chukua betri yangu. Nenda nayo, rudi nayo, mimi na bibi harusi wangu huyu tutalala." Baba akaitazama betri ile kama mtu aliyepewa kiatu cha marehemu. "Sheikh wangu," akasema kwa heshima zote, "betri ya kopo nitaitiaje kwenye Pijo?" Mzee Sudi aliacha kucheka. Alinitazama mimi, si baba, akafunga boneti yake taratibu.

Jumamosi asubuhi tulilisukuma, likawaka, tukaenda. Sijawahi kufurahi njiani kama siku ile. Ziwa lilionekana upande wa kushoto na kupotea, wenye Pijo wawili tuliopishana nao walituwashia taa, na baba aliimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya besi aliyokuwa ameiacha tangu masika. Kitambaa kilikuwa kwenye kiti cha nyuma, kimekunjwa vizuri. Nyumba ya babu iko bondeni, ardhi imetulia kama sinia, hakuna mteremko. Tulipoingia uani baba alipiga honi, fupi, fupi, ndefu, akabaki ameshika usukani. Injini inanguruma.

Mjomba alitoka. Alikuwa amebeba kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, ndivyo mgeni anavyopokelewa kwetu, akasimama mlangoni. Ndani nyasi mpya zilikuwa zimetandikwa sakafuni. Nilizisikia harufu kutoka garini. Akasema kwa Kihaya cha heshima, "Karibu ndani, waitu, mkwe wetu." Baba akajibu kwa dirisha kwamba tuna haraka kidogo, mvua isije ikatukamata. Mjomba akatazama ile injini, akatazama kikapu chake. "Kahawa hailiwi dirishani, Mwalimu," akasema, na akarudi nayo ndani.

Mimi nilishuka, nikakimbia kumtafuta mama. Nilimkuta kwenye migomba, kando ya kaburi la babu, amevaa gauni lake la kanisani na nywele amezisuka upya. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Halafu akaniambia, "Koku, kamwambie baba yako azime gari, aingie ndani, akae chini na ndugu zangu. Mimi nitatoka." Nikakimbia kwa baba nikamwambia. Jasho lilikuwa linamtoka. Akanivuta karibu na kuninong'oneza, "Nikilizima haliwaki. Unataka wajomba zako wanisukume hapa uani kwao? Baada ya yale ya msiba? Mwambie aje, tutaongea njiani." Nikarudi kwa mama. Akasema, "Mwambie azime." Nikarudi kwa baba. Nilikuwa na miguu miwili na wazazi wawili, na katikati yao kuna shamba la migomba na mngurumo. Mara ya mwisho mama hakunipa ujumbe tena. Alisimama anausikiliza ule mngurumo, nami nilisimama naye, nikimwomba Mungu petroli iishe. Tuliusikia ukipanda, ukibadilisha gia. Baba alitoka uani, akaenda akanisubiri juu barabarani, kwenye mteremko, mahali ambapo hata likizimika lingewaka.

Hawakurudiana. Nilikua nikigawanywa kwa likizo, nikazoea kufungasha begi, na sijui hadi leo kama nilizoea kingine chochote. Siku hizi Bukoba kuna vijana wana umoja wao wa wapenzi wa aina moja ya gari. Wana fulana za kufanana na kundi la simu, na mwisho wa mwezi wanakwenda msafara mpaka Muleba kwa lami, wakipigiana honi. Nawaona, nacheka, na moyo unanisinyaa. Juzi walikuja Ijuganyondo kuliona Pijo la baba. Limeegeshwa chini ya paa la bati, simba bado anang'aa, na kitambaa cha kijani kiko kwenye kiti cha nyuma kikiwa kimepauka upande unaopigwa na jua. Walipiga picha nyingi. Mmoja wao, mtoto mwenye adabu, akamuuliza, "Shikamoo mzee, bado linawaka hili?" Baba amezeeka, masikio yamekuwa mazito, nikadhani hakusikia. Akapapasa usukani kwa dirisha. "Kuwaka linawaka," akasema. "Lilinishinda kulizima." Vijana wakacheka kwa heshima, wakijua mzee ametania. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko, pale pale pa maharage, nikalia kama mtoto.

Mama yuko Muleba mpaka leo, amebaki na nyumba ile na makaburi yake. Mimi nina gari, la Kijapani, kopo kabisa, na betri yake ni mpya. Ningeweza kuingia nalo mpaka uani. Lakini nikifika juu barabarani nalizima, nachukua mzigo wangu, nashuka bondeni kwa miguu katikati ya migomba, na kila mara mama anashtuka kuniona mlangoni.

"Mbona sikusikia gari?" ananiuliza.

"Nimelizima juu, Mawe."

Ananitazama kidogo, halafu anasogea kunipisha. "Haya, ingia," anasema, na kwenda kuchukua kahawa.