Mama Mawe Asaka Mafuta Kwenye Ufa

“Umehamisha kigingi changu, shemeji! Nilikipiga kule bondeni, wewe ukaja kuchimba hapa tambarare ili malori yako yageuke kwa raha. Haya, shimo limetoa maji matupu, yanywe!”

Aliyefoka hivyo, kambi nzima ya wachimba mafuta ilimwita Mama Mawe. Alisomea miamba mpaka mumewe akachoka kujikwaa kwenye mawe sebuleni. Kazi yake ilikuwa kuonyesha mafuta yalipojificha. Mdogo wa mumewe ndiye aliyesimamia mtambo wa kuchimba, na ukaidi wake ulikuwa wa kuzaliwa nao.

“Bondeni miamba ina ufa mkubwa, shemeji,” akajibu. “Kekee itanasa, tope tunalosukuma shimoni kuchimbia litamezwa lote na ufa. Unataka nizike mtambo?”

Mama Mawe akamvuta hadi chumba cha sampuli, akaweka vipande vya mwamba wa mchanga chini ya taa ya zambarau inayofichua mafuta. Vikang’aa manjano hafifu.

“Hayo ni madoa. Mafuta yalipita hapa, hayakulala. Yanapanda kupitia vitundu vya mchanga mpaka yazuiwe. Hapa ufa umeshusha ardhi kidogo tu, mchanga umegusana na mchanga, yakavuka yakaenda zake. Bondeni ardhi imeshuka sana. Ng’ambo ya ufa ni udongo wa mfinyanzi mtupu. Yatapenya wapi?”

Wakubwa wa kampuni wakakubali shimo moja la mwisho. Likitoka maji, kambi inafungwa na kila mtu akatafute pa kula.

Bonde lilikuwa limeinama vibaya, na mwanamke aliyeendesha tingatinga alikuwa nyumbani, mapumzikoni.

“Dada, nisawazishie leo, nakuomba,” Mama Mawe akamfuata huko.

“Leo nafua.”

“Nitakufulia mimi.”

“Hata mablanketi?”

“Hata mablanketi, mchokozi wewe!”

Bonde likasawazishwa, kekee ikazama. Walipoukaribia ufa, tope likaanza kupotea. Shemeji akashika kichwa, “Nilisema mimi!” Mama Mawe akamwambia apunguze midomo, aongeze tope zito. Akaongeza. Likatulia.

Kisha vikaja vipande vipya. Chini ya taa viliwaka kama kiini cha yai. Kipimo cha gesi kikapanda, kikakataa kushuka. Walipofungua bomba la majaribio, gesi ikawaka angani kwa ngurumo, na mafuta meusi yakajaa tangi. Wanaume wazima waliruka kama watoto. Shemeji alimnyanyua Mama Mawe juu juu, kofia yake ya kazi ikaanguka.

“Shemeji, hatufungi! Hatufungi kambi!”

“Nishushe kwanza, mbavu zangu!”

Jumapili Mama Mawe akakunja mikono ya blauzi uani kwa yule dereva wa tingatinga, povu hadi kwenye viwiko, akiimba kwa sauti mbaya bila aibu. Shuka zikaisha, suruali zikaisha. Akashika blanketi la kwanza.

“Weka chini,” dereva akasema, akimsogezea kigoda. “Hayo nimekusamehe. Kaa, unieleze tena mafuta yalivyokwama kwenye ufa.”

Mama Mawe akalitupa blanketi kwenye beseni kwa madaha, akakaa.